Si Kila Kukimbia ni Mbio

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza ambavyo mtoto wa shule hufundishwa mapema, "run" hakikosi. Mwalimu hukiandika ubaoni, kando yake huandika "kukimbia", kisha humwita mtoto mmoja akimbie kutoka mlangoni hadi dirishani. Darasa hucheka, na neno huhesabiwa kuwa limefundishwa. Kumbe kazi ndiyo kwanza imeanza. Wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford walipolipitia upya neno hili, walilihesabia maana 645 likiwa kitenzi tu. Mtoto wetu amepewa moja, na kwa hiyo moja anatakiwa afungue milango yote iliyobaki.

Sisi wakazi wa Mpanda hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta mifano. Tunayo reli. Tawi hili linalotoka Kaliua lilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya kusafirisha madini ya risasi yaliyochimbwa kwetu, nalo lina urefu wa kilometa zipatazo 210. Mwingereza atakwambia kwamba reli hiyo "runs" kutoka Kaliua hadi Mpanda, ilhali reli imelala pale pale ilipotandikwa na haijapata kuinua mguu. Sisi husema inatoka Kaliua na kuishia Mpanda. Treni nayo "runs", maana yake hufanya safari, hata kama mwendo wake ni wa mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea porini. Injini "runs" ikiwa imesimama stesheni, maadamu inanguruma. Maji ya mto Katuma "run", nasi tunasema yanatiririka. Mama mwenye genge sokoni "runs" biashara yake, yaani anaiendesha. Anayetaka ubunge anagombea, makamasi ya mtoto yanamtoka, khanga mpya inachuja rangi, na unga ukimalizika tunasema tumeishiwa. Yote hayo kwa Mwingereza ni "run", na hakuna hata mmoja aliyetimua mbio.

Ndiyo sababu katika madaftari nimekutana na sentensi kama "Mama anakimbia duka" na "Tumekimbia nje ya chumvi". Walimu wenzangu walikuwa wakicheka, nami nilicheka pamoja nao. Lakini ukitazama vizuri, mtoto huyo si mjinga. Amefuata kwa uaminifu kanuni aliyopewa, kwamba neno moja la kigeni lina neno moja la kwetu. Katika nchi yetu jambo hili si la mzaha. Watoto walio wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huingia sekondari na kukuta fizikia, historia na jiografia vimeandikwa kwa Kiingereza. Swali likisema mota "runs" kwa dakika mbili, anayejua hesabu yake barabara anaweza kukwama akijiuliza mota hiyo imekimbilia wapi. Anakosa alama za fizikia kwa sababu ya kitenzi.

Wahenga walisema mtu ni watu. Neno nalo ni hivyo hivyo, hulijui mpaka uwajue majirani zake. Wala tusidhani kuwa huu ni ukorofi wa Kiingereza peke yake. Sisi tunapiga ngoma, tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga chafya na kila asubuhi tunapiga mswaki. Mgeni akikariri kwamba kupiga ni kuchapa, atatuonea huruma sana.

Hata kukimbia kwenyewe, tunakodhani tunakujua, kuna mambo yake. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, alikuwa mkimbiaji. Mwenge wa Uhuru, uliowashwa juu ya Mlima Kilimanjaro usiku wa kuamkia Uhuru mwaka 1961, hukimbizwa nchi nzima, na wanaoubeba huitwa wakimbiza Mwenge, ingawa sehemu kubwa ya safari wanakuwa ndani ya magari. Halafu yuko mkimbizi. Shina ni lile lile, lakini mmoja anashangiliwa, wa pili anapokewa kwa ngoma, na wa tatu anaulizwa karatasi zake.

Neno hilo la tatu tunalijua vizuri katika sehemu zetu. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwaleta maelfu ya watu kwetu. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973 na ya Mishamo mwaka 1978, yote katika iliyokuwa wilaya ya Mpanda. Watu wale walifyeka pori, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, wakauza mazao yao katika masoko yetu.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa nikimtazama mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Aliwaambia watoto watunge sentensi kwa kutumia kitenzi kukimbia. Wengi waliandika juu ya mpira na mbwa. Msichana mmoja wa upande wa Katumba aliandika kwamba bibi yake alikimbia akiwa na mama yake mgongoni. Mwanachuo aliweka alama ya vema akaendelea. Baada ya kipindi alinifuata.

"Mzee, ile sentensi ya yule binti ilinishika. Nilipaswa kusema neno?"

"Ulipaswa kuweka vema, nawe umeweka. Sasa kesho wafundishe kukimbilia."

Nilikuwa na maana yangu. Kiingereza, kikitaka kuonyesha mtu ametoka wapi na anaelekea wapi, hukiongezea kitenzi neno jingine nyuma. Kiswahili huliweka jambo hilo ndani ya tumbo la kitenzi chenyewe. Kukimbia vita ni kuiacha vita mgongoni. Kukimbilia Mpanda ni kuwa na Mpanda mbele ya macho. Ni silabi moja tu iliyoongezeka, lakini imemgeuza mtu uso wake. Bibi wa yule msichana alikimbia, kisha akakimbilia, na mwishowe akafika. Mjukuu wake alizaliwa akiwa amekwisha kufika.

Mwaka 2014 serikali ilianza kuwagawia vyeti vya uraia watu zaidi ya 160,000 waliotokana na kundi lile la 1972, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Karatasi zilibadilika. Ndimi zetu zilichelewa. Hata baada ya hapo nimemsikia mtu akimwita kijana wa Katumba mkimbizi, kijana ambaye hajapata kukimbia hata mvua. Tunamwekea mtu kitenzi ambacho hakukitenda yeye, wala mama yake hakukitenda kwa miguu yake.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa walimu vijana ni mmoja, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Msifundishe kitenzi kikiwa uchi. Ulizeni kwanza ni nani anayetenda, anatoka wapi, anaelekea wapi, na kama bado anatenda. Mkimwuliza hivyo mtoto mbele ya "run", ataacha kukimbiza maduka na mota. Nasi wazee tukijiuliza hivyo kabla ya kumwita jirani jina, tutaona kwamba mtu aliyekwisha kufika huitwa mwenyeji.