Nusu Doti

Doti ya kanga ni vipande viwili vyenye mji mmoja, pindo moja na maneno yaleyale. Dukani unauziwa vikiwa vimeshikana. Unavipeleka kwa fundi avikate na kuvipinda, au unakaa barazani na sindano ukavipinda mwenyewe. Kimoja cha kujifunga, kingine cha kujitanda. Ukimgawia mwenzio kipande kimoja, maneno uliyomchagulia yeye yanabaki na kwako, nawe utayavaa. Hapo ndipo mchezo wetu ulipokuwa na utamu wake. Mimi na mtani wangu tuligawana doti kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa sharti moja kuu: maneno lazima yamchome anayepewa.

Namwita mtani kwa kuwa ndivyo tulivyoitana. Mimi Mzaramo wa Kisarawe, yeye Mnyamwezi wa Tabora. Jina lake la ubatizo nililisikia padri akilitaja kwenye misa ya mazishi, nikataka kugeuka nione anayezikwa ni nani.

Tulikutana JKT Ruvu katikati ya miaka ya 1980, enzi ambazo aliyemaliza kidato cha sita alipitia jeshini kwa mujibu wa sheria. Kambini mtu alikuuliza kabila lako ili ajue tu kama ana haki ya kukutukana. Aliposikia natoka Kisarawe, alilivuta blanketi langu kitandani, akalibana kwapani na kutangaza kwamba amelitaifisha: babu zake walitozwa hongo na babu zangu kila walipopita na mizigo, sasa mjukuu amekuja kukusanya deni. Nikamwambia mpagazi hadai, mpagazi anabeba. Bweni zima likaangua kicheko. Usiku, mbu walipotuzidi, akaja na blanketi lenyewe tukajifunika wote wawili.

Deni hilo hakulitunga. Katika karne ya 19 Wanyamwezi ndio waliobeba pembe za ndovu mabegani kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na kila nchi waliyopita, wenyeji walidai hongo, Uzaramo ikiwemo. Wazee wetu wanasema utani baina yetu ulizaliwa kwenye njia hiyo. Watu wanaopishana kila mwaka, wakigombania maji na mahali pa kulala, ama watapigana milele ama watafute namna ya kutukanana bila kuuana. Lakini kuna jambo jingine ambalo wazee hulitaja kwa sauti ya chini kidogo. Mpagazi aliyefia njiani hakuwa na mjomba wala shangazi wa kumfukia. Aliyeshika jembe ni mtani.

Hata wageni waliuona utani huo. Reginald Moreau, Mwingereza aliyekuwa akichunguza ndege huko Amani, Usambara, aliandika kuhusu utani wa Tanganyika miaka ya 1940. Sishangai kwamba mtu wa ndege ndiye aliyeshtuka. Watani hatujui kunong'ona.

Tulipotoka jeshini yeye alikwenda kusomea ualimu, akarudi kufundisha kwao. Mimi nikaajiriwa ukarani Dar es Salaam. Nchi bado ilikuwa haijapumua kutoka kwenye uhaba uliofuata Vita vya Kagera. Sabuni foleni, sukari foleni, kanga foleni. Kanga zilizotufikia zilikuwa za viwanda vyetu, na nilizozijua zaidi ni za Urafiki, kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa mwaka 1968. Zamu yako ikifika unapewa iliyopo. Maneno si ya kuchagua, rangi si ya kuchagua, na mwenye duka hakutazami mara mbili.

Ndipo siku moja dereva wa lori akaniletea bahasha iliyofura kutoka Tabora. Ndani, kipande kimoja cha kanga ya kijani kibichi, upande mmoja haujapindwa, nyuzi zinaning'inia. Maandishi: MAJIVUNO HAYAFAI. Na kikaratasi: amepanga foleni tangu alfajiri, alipoyasoma maneno akajua Mungu mwenyewe ameniandikia mimi, ila kwa kuwa nguo ni ghali nusu amebaki nayo. Nilikaa siku nyingi nikitafuta cha kumjibu. Nikapata WASIWASI WAKO NDIO MARADHI YAKO, nikaikata, nikampelekea nusu. Alikuwa kweli mtu wa wasiwasi. Alifunga mlango, akarudi kuutikisa, akafika barabarani akarudi tena.

Tangu hapo ikawa ada. Yeye Mkatoliki, mimi Mwislamu: yeye ananitumia Idi, mimi namtumia Krismasi. Anayepokea haruhusiwi kujibu mpaka zamu yake. Lazima aivae mbele za watu, na ushahidi upatikane, kwanza picha ya studio, baadaye picha ya simu. Mara kwa mara kifurushi kilikuja na nyongeza. Yeye aliniwekea michembe na chupa ya asali ya Tabora, akidai Wazaramo wamezoea nazi hadi meno yamelegea. Mimi nilimwekea korosho na embe dodo, ambazo zilifika zimeiva kupita kiasi na kuipaka kanga utomvu. Utomvu wa embe hautoki. Alinitukania hilo kwa miaka.

Milango ya biashara ilipofunguliwa, kanga zikajaa, na mchezo ukawa mgumu zaidi, maana sasa huwezi kusingizia foleni. Nilikuwa nashuka Mtaa wa Uhuru kama mtu anayekwenda kununua silaha. Wauzaji wa pale wanazitandaza kanga juu kwa juu, na wanayajua maneno kwa kichwa. Unawaeleza kisa chako, wanakuchomolea jibu. "Ni mke mwenzio?" waliniuliza. Ni rafiki yangu. "Kakukosea nini?" Hajanikosea. Wakanitazama kwa huruma. Mwaka mmoja nilimwagiza mtu Mombasa, ambako wenyewe wanaiita leso, aniletee yenye alama ya Mali ya Abdulla, ile nyumba ya biashara ya tangu 1887, nikitamba kwamba hii haichuji. Akaifua kwa maji ya moto makusudi, akanitumia picha ya beseni.

Idi haina makazi kwenye kalenda ya kizungu; kila mwaka inarudi nyuma siku kumi na moja hivi. Kwa hiyo mwaka 2000 Idi el-Fitri iliiangukia Krismasi kisogoni, siku chache tu baada yake, na vifurushi vyetu vikapishana njiani, pengine Dodoma. Changu kilisema KELELE ZA CHURA HAZIMZUII NG'OMBE KUNYWA MAJI. Chake kilisema HATA UKINICHUKIA LA KWELI NITAKWAMBIA. Mume wake alidhani tumegombana kweli, akapiga simu kwenye ofisi yetu kutaka kusuluhisha.

Nimefikiri sana kwa nini tulihitaji matusi. Sisi si watu wa kumwambia rafiki nakupenda; ukisema hivyo ataona unataka mkopo. Zawadi nzito nayo ina adabu zake: inahitaji kushukuriwa, kulipwa, kupimwa. Ya utani haidai shukrani. Unaipokea kwa kelele, unaapa utalipiza, na katika kiapo hicho umeshaahidi kuwa mwakani utakuwapo na yeye atakuwapo. Kila Idi na kila Krismasi tulikuwa tukipeana miadi.

Saratani ilipomkuta alikuja Dar es Salaam kwa matibabu ya Ocean Road, kama wanavyokuja wagonjwa wengi wa bara, akafikia kwangu. Ugonjwa wenyewe sitausimulia. Nitasimulia wageni. Kila aliyekuja kumwona alishusha sauti mlangoni, akamletea kanga yenye jina la Mwenyezi Mungu, akaikunjua taratibu mbele yake kama anayefunika. Zilijaa juu ya kabati. Jioni moja akaniambia, "Mtani, na wewe umeshanizika?" Krismasi ilikuwa bado mbali. Kesho yake nikaenda Mtaa wa Uhuru. Nilipomwambia muuzaji ni ya mgonjwa, akavuta rundo la zile za dua. Nikasema hapana, nataka ya kumsema. Akaiacha kazi yake akaniangalia. Nilitoka na USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Aliisoma akiwa kwenye kiti cha chini ya dirisha, kipande kimoja begani na kingine magotini, maana alikuwa hajakubali kikatwe kabla hajakiona. Aliisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama anavyosomesha darasa la kwanza. Kisha akacheka hadi kikohozi kikamkamata, nikamshika mgongo, na bado anacheka. "Yaani nalala kwako, nakula kwako, halafu unaniandikia!" Akaomba mkasi. Mikono ilikuwa haina nguvu, akakata mstari uliopinda kama mto. Kipande chenye ukingo mbaya akanipa mimi.

Alifia kwao. Simu ilipigwa usiku. Asubuhi nilipiga ofisini kuomba ruhusa, nikaulizwa, "Ni ndugu yako?" Nikasema ni rafiki. Palikuwa na ukimya, kisha nikaelekezwa nijaze likizo ya mwaka. Sikuwalaumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku nne za malipo kwa msiba, na imewataja wanaostahili kuliliwa: mtoto, mume au mke, mzazi, babu na bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa. Orodha imeishia hapo. Dini yangu nayo imempa mjane miezi minne na siku kumi. Msibani kwenyewe mkeka wa mbele ni wa ndugu. Rafiki anaulizwa kama anaweza kusaidia kuchambua mchele. Umeishi na mtu maisha yako yote ya utu uzima, na siku anapoondoka huna pa kukaa.

Ila mimi nilikuwa na pa kukaa. Nilifika Tabora nimevaa nusu yangu, ule ukingo uliopinda ukiwa juu. Binti yake mkubwa alikuwa amejitanda nusu nyingine. Vijana walipolinyanyua jeneza kulitoa ndani, niliketi chini kizingitini, nikanyoosha miguu kutoka mwimo hadi mwimo. Hapiti mtu. Nikawaambia huku ni Uzaramo, hongo inalipwa hapa mlangoni. Kisha nikamgeukia mwenyewe: "Na wewe! Ukoo mzima mnajisifu kwa kubeba. Leo umebebwa, tena bure!"

Kwanza kimya. Halafu shangazi yao mmoja, mzee sana, akacheka mbele ya wote, cheko la kijana, na uwanja mzima ukamfuata, waliokuwa wakilia wakicheka na machozi yakizidi. Kaka yake akatupa noti kwenye kanga yangu. Nikasema haitoshi, na blanketi langu la Ruvu je? Akaongeza. Mjomba akaahidi kuku. Nikanyanyuka, kamasi na machozi havitofautiani, jeneza likapita.

Wapo wasiopenda haya. Katika baadhi ya misiba ya mjini siku hizi, mwenye kipaza sauti anaomba watani "wapunguze", ratiba iende. Namwelewa, kanisa lina saa yake na makaburi yana foleni. Lakini anayemzuia mtani hajui anamnyima nani. Ndugu wana wasifu wa kusoma, mashada ya kuweka, majina ya kutajwa. Mtani ana hilo moja tu.

Baada ya mazishi binti yake aliniuliza kama aniletee nusu zote za mama yake, doti zikamilike. Nikakataa. Makubaliano yetu yalikuwa nusu kwa nusu, naye hajayavunja. Zikae kwao, wanawe wazivae wakienda sokoni, watukanwe na Mzaramo wasiyemwona. Idi ya kwanza baada ya hapo kifurushi hakikuja, na sikutaka mtu mwingine anitumie.

Ninyi mlio na msiba mkononi, nina ombi dogo. Kabla hamjaliinua jeneza, ulizeni kama mtani wa marehemu amefika. Kama yuko njiani, msubirini. Na hela yake muiweke karibu.