Kwenye mawe ya Roubaix, tairi gumu si tairi imara

KASKAZINI mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Ubelgiji, kuna njia iliyonyooka kama rula katikati ya msitu wa Arenberg. Haina lami. Imetandikwa mawe yaliyochongwa, mengine yameinuka, mengine yamezama, na kati yake huota majani. Miaka ya karibuni wameletwa hata mbuzi wa kuyala majani hayo ili baiskeli zisiteleze.

Chini ya ardhi hiyo watu walichimba makaa ya mawe. Mmoja wao, Jean Stablinski, baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa baiskeli, na ndiye aliyependekeza mbio za Paris-Roubaix zipite hapo. Zilipita kwa mara ya kwanza mwaka 1968.

Mbio zenyewe ni za zamani zaidi. Zilianza mwaka 1896, na kwa kawaida hufanyika Aprili. Wanaume hupita takribani kilomita 260, na kati ya hizo kilomita 55 hivi ni za mawe. Familia husimama pembezoni mwa mashamba, watoto wakiwa mabegani mwa baba zao. Kukiwa na jua, hula vumbi. Mvua ikinyesha, hurudi nyumbani na tope.

Mwendesha baiskeli anaweza kuwa na mapafu ya farasi na miguu ya chuma, lakini kinachomgusanisha na mawe hayo ni vipande viwili vidogo vya mpira. Ndiyo maana mafundi wa timu hufika siku kadhaa kabla, wakabadilisha matairi, wakapima upepo, kisha wakawaacha waendeshaji wapite juu ya mawe yaleyale ya siku ya mashindano.

Kwa miaka mingi iliaminika kuwa tairi jembamba lililojazwa upepo hadi likawa gumu ndilo lenye kasi. Kwenye lami laini, milimita 23 zilikuwa jambo la kawaida. Kwenye mawe imani hiyo huvunjika. Tairi gumu haliviringiki juu ya jiwe, bali huruka. Kila linaporuka hunyanyua baiskeli na aliyeipanda, na nguvu iliyopaswa kumsukuma mbele huishia kumtikisa mifupa. Tairi pana lenye upepo kiasi hulimeza jiwe na kuendelea. Siku hizi wengi huko Roubaix hutumia milimita 30, 32 au zaidi.

Lakini upepo nao una mpaka wake. Ukipungua mno, jiwe hulibana tairi hadi kwenye ringi, na tyubu hutoboka matundu mawili yaliyo sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Kwa sababu hiyo timu nyingi zimehamia matairi yasiyo na tyubu, yenye majimaji ndani yanayoziba tundu dogo lenyewe. Hata hivyo, majimaji hayo hayazibi mpasuko mkubwa, wala hayaiponyi ringi iliyopasuka.

Hata maandalizi mazuri hayampi mtu hakikisho. Mwaka 2023, Wout van Aert wa Ubelgiji alikuwa mbele pamoja na Mathieu van der Poel wa Uholanzi kwenye mawe ya Carrefour de l'Arbre, mwisho ukikaribia. Tairi lake la nyuma likapata pancha. Van der Poel alikwenda zake na kushinda peke yake.

Wanawake walisubiri miaka 125 kupata mbio zao. Zilipofika, Oktoba 2021, mawe yalikuwa yameloa tope. Lizzie Deignan wa Uingereza, mama wa binti mdogo, aliwaacha wenzake zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 80. Hakuvaa glavu. Alipofika Roubaix akiwa mshindi, usukani wake ulikuwa na damu. Tairi hupunguza kishindo, haliwezi kukimaliza chote. Kinachobaki hupokelewa na mikono.

Vijana wa miaka 17 na 18 nao wana mbio zao kwenye mawe hayo, na hapo suala la tairi huingia ndani ya familia. Mzazi ambaye mtoto wake anataka kushindana kwenye barabara mbovu, iwe ya mawe au ya changarawe, hana haja ya fundi wa timu kubwa ili aanze vizuri.

Kwanza aangalie nafasi iliyopo kati ya tairi, fremu na breki. Tairi pana likikwangua fremu, au tope likikwama hapo, gurudumu linaweza kuganda ghafla. Pili, asome kiwango cha juu cha upepo kilichoandikwa kwenye tairi na kwenye ringi, kisha afuate kilicho kidogo zaidi. Tatu, akumbuke uzito. Mtoto wa kilo 45 hahitaji upepo wa baba wa kilo 80. Akijaziwa huohuo, ataruka kwenye kila jiwe na breki zitamsaliti kwenye kona.

Kubonyeza kwa kidole gumba hakutoshi. Pampu yenye mita ndiyo husema kweli. Mtoto apite taratibu kwenye barabara ileile atakayoshindania, na ringi ikisikika ikigonga, aongezwe upepo kidogo. Kila baada ya mazoezi, matairi yakaguliwe kama yana mipasuko, na glavu zisisahaulike.

Mshindi wa Roubaix hupewa jiwe la barabara kama lile alilopita juu yake. Mzazi anayesubiri kwenye uwanja wa kumalizia huwa na ombi dogo zaidi: mwanawe atokeze kwenye kona ya mwisho akiwa bado juu ya baiskeli, magurudumu yote mawili yana upepo.