Kabla ya Kuhamisha Watoto kwa Ajili ya Shule

Kila mwaka katika miezi ya Novemba na Desemba, senene wanapoanza kuruka na shule zinapokaribia kufungwa, watu hufika katika ofisi ya parokia kuniomba vitu viwili: nakala ya cheti cha ubatizo wa mtoto, na barua ya kumtambulisha mwanajumuiya anayehama. Nikiuliza sababu ya kuhama, wengi hunijibu kwa neno moja: shule. Huyu anatoka Nshambya kwenda Mwanza. Yule anatoka kijijini Muleba kuja hapa Nshambya, maana amesikia kwamba watoto wa mjini hufaulu zaidi. Mimi ni karani, na kazi yangu ni kuandika na kugonga muhuri. Lakini kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kukaa katika meza hii, jambo hili limenikaa moyoni, na leo napenda tulizungumze.

Simlaumu mzazi ahamaye kwa ajili ya mtoto. Mtakatifu Yosefu aliondoka usiku akaenda Misri, na aliporudi hakukaa Uyahudi, bali alikwenda Nazareti, kwa kuwa alitafuta usalama wa Mtoto. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Basi kuchagua shule ni haki yetu na ni wajibu wetu. Ninalotaka kusema ni kwamba mambo haya yapimwe kwa macho na kwa miguu, wala yasipimwe kwa sifa zisikiwazo sokoni.

Mwaka 2025 shauri hili liliingia katika ukoo wetu. Kaka yangu mkubwa, akaaye upande wa Kamachumu wilayani Muleba, alinipigia simu akasema, “Mwalimu, nitafutie vyumba viwili huko Nshambya. Nakuja na watoto wote.” Watoto wake ni wanne: binti mkubwa alikuwa darasa la saba, kijana darasa la tano, binti wa pili darasa la nne, na mdogo alikuwa elimu ya awali. Kibanja alitaka kumkodisha jirani. Ninyi mnaonisoma mwajua maana ya neno hilo. Kwetu kibanja ndicho chakula, ndicho kahawa, na ndimo baba yetu alimozikwa. Nikamjibu, “Kaka, njoo kwanza tutembee. Habari za vyumba tutaziongea baadaye.”

Tulitembea siku tatu, pamoja na shemeji yangu, yaani mkewe. Tulitazama shule moja ya serikali hapa mjini, shule moja ya kulipia ifundishayo kwa Kiingereza, na shule ya kijijini kwao. Sizitaji majina, maana nia yangu si kusifu wala kuaibisha. Tulichukua daftari, tukaandika mambo yafuatayo.

Kwanza, matokeo na waalimu. Matokeo ya mtihani wa darasa la saba hutolewa na Baraza la Mitihani la Taifa kwa kila shule, na kijana yeyote mwenye simu ya intaneti aweza kukuonyesha. Tangu Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora, kwa hiyo mzazi hana budi kusoma mwenyewe. Soma ya miaka mitatu, usisome ya mwaka mmoja. Tazama watoto wangapi walifanya mtihani, kisha umwulize mwalimu mkuu watoto wangapi walianza darasa la kwanza pamoja nao. Shule yenye watahiniwa 20 waliochujwa haipimiki na shule yenye watahiniwa 130 waliopokewa wote.

Katika shule ya mjini tulikuta darasa la pili lina watoto 118 katika chumba kimoja, wanne wanne katika dawati. Mwalimu wao alikuwa hodari, lakini sauti yake haikufika nyuma. Katika shule ya kijijini darasa la tano lilikuwa na watoto 47, na kila mmoja alionekana. Ila waalimu walikuwa sita tu kwa madarasa yote, na wa hisabati alikuwa mmoja. Hapo kaka alitikisa kichwa. Alikuwa ameamini kwamba mjini kila kitu kimezidi. Akaona kwamba mji una waalimu wengi na watoto wengi zaidi, na kijiji kina watoto wachache na waalimu wachache zaidi.

Pili, majengo. Sisi wa Kagera tulifundishwa na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililofikia ukubwa wa 5.9 na kubomoa hata shule kongwe kama Ihungo na Nyakato. Tazama kuta kama zina nyufa. Tazama vyoo pia, hasa vya wasichana, na uulize maji hutoka wapi. Mambo haya hayaandikwi katika matokeo, lakini binti asiye na choo cha staha atakosa shule siku kadhaa kila mwezi.

Tatu, njia. Hapa palikuwa pazito kuliko pote. Mjini mtoto angetembea dakika 15, ila angevuka barabara kuu yenye bodaboda. Kijijini angetembea dakika 20 kati ya migomba. Kwa shule ya msingi, kijiji kilishinda. Lakini shule ya msingi siyo mwisho. Tangu mpango wa sekondari ulioanza mwaka 2004, serikali na wananchi walijenga sekondari katika kata nyingi, na mtoto wa shule ya serikali afauluye darasa la saba aghalabu hupangiwa sekondari ya kutwa ya eneo lake. Basi mzazi achaguaye kijiji cha kuishi amechagua na sekondari, ajue asijue.

Sekondari ya kata ya kwao ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka nyumbani kwa kaka, na katikati kuna msitu wa mikaratusi. Tuliutembea. Shemeji yangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisimama katikati ya ule msitu akasema, “Mimi siogopi umaskini wa madarasa. Naogopa mikaratusi hii saa kumi na mbili na nusu jioni.” Mabinti wengine wa kata hiyo hupanga vyumba karibu na shule, wajipikie wenyewe. Wazazi, tusidanganyane. Msichana wa miaka 14 alalaye peke yake katika chumba cha kupanga, bila mtu mzima nyumbani, yumo hatarini, hata akiwa na adabu namna gani.

Nne, gharama. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita ikaondolewa pia. Lakini kuhama kuna ada yake isiyoandikwa. Vyumba viwili tulivyoviona Nshambya vilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani shilingi 720,000 kwa mwaka. Mkungu wa ndizi, ambao kijijini huukata nyuma ya nyumba, mjini huununua. Kuni hununuliwa, hata maharage. Tena fedha ya kahawa huja katikati ya mwaka, lakini sare na madaftari hutakiwa Januari. Kaka alipojumlisha katika daftari alinyamaza kwa muda mrefu.

Tano, shule ya kulipia. Ilikuwa safi na yenye nidhamu, sina la kuisema vibaya. Ila mwalimu mkuu alitueleza waziwazi kwamba binti wa darasa la nne, kwa kuwa hajafundishwa kwa Kiingereza, angerudishwa madarasa mawili. Na mwenye kufikiria bweni kwa mtoto mdogo ajue kwamba mwaka 2023 serikali ilikataza bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Mtoto wa umri huo mahali pake ni kwa mama yake. Hatujasahau moto wa bweni kule Kyerwa Septemba 2020, uliochukua roho za watoto.

Sita, dini na malezi. Uliza kipindi cha dini kipo siku gani, na katekista hufika au hafiki. Shule nyingi za vijijini kwetu zilijengwa na misheni, na ingawa serikali ilizitwaa kwa sheria ya mwaka 1969, bado zimesimama kando ya kanisa. Mtoto hutoka darasani akaingia katika mafundisho bila kuvuka barabara. Uliza pia nani atakuwa nyumbani saa tisa mchana. Kijijini yupo bibi, yupo shangazi, na majirani wanaojua jina la mtoto na jina la babu yake. Katika vyumba vya kupanga, baba akiwa kibaruani na mama sokoni, mtoto atalelewa na barabara.

Baada ya siku tatu tuliketi. Kaka alisema, “Kwa watoto watatu wadogo sihami. Kwa binti mkubwa sijui la kufanya.” Hilo ndilo lililokuwa shauri lenyewe, na lilikuwa dogo kuliko lile tulilolianza nalo. Akaenda kwa wazazi wengine wanne wa jumuiya yake, wenye mabinti wa darasa la saba. Wakakubaliana kupanga nyumba moja karibu na sekondari, na mama mmoja mjane, mtu mzima aheshimiwaye na wote, akae na wasichana hao watano. Kila mzazi hutoa ndizi, maharage na shilingi 15,000 kwa mwezi. Kila Jumamosi mmoja wa akina baba huenda kuwatazama. Wasichana walianza kidato cha kwanza Januari 2026, na hata sasa niandikapo hakuna aliyeacha.

Sisemi kwamba mambo yote yamenyooka. Hisabati katika shule ya kijijini bado ni shida. Kaka alisimama katika kikao cha wazazi akalitaja, na mwalimu mmoja mstaafu akakubali kusaidia siku mbili kwa juma, lakini siku mbili hazitoshi. Tena kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, watoto walioanza darasa la tatu mwaka huo wamepangiwa kumaliza elimu ya msingi darasa la sita, mwaka 2027, pamoja na wenzao wa darasa la saba. Maana yake ni kwamba kaka atakuwa na watoto wawili wa kumaliza mwaka mmoja, na Januari 2028 vidato vya kwanza vitapokea makundi mawili. Itambidi kupima upya. Ninyi pia mnaofikiri kuhamia kata fulani, ulizeni mapema sekondari yake inajiandaaje kwa mwaka huo.

Ziko sababu zinazotosha kuhama. Mwenye mtoto asiyeona au kiziwi, asikae kijijini akisubiri. Hapa Bukoba, Mugeza, ziko shule zipokeazo watoto hao, na kumkaribia mtoto wako huko ni tendo la upendo. Vivyo hivyo mahali ambapo njia ni ya hatari na hakuna wa kushirikiana naye, hama, wala usione haya.

Na ukiamua kuhama, fuata utaratibu. Hakikisha kwanza kwamba shule uiendeayo ina nafasi, ndipo uombe uhamisho kwa mwalimu mkuu wa shule utokayo. Hakikisha mtoto amehamishwa katika mfumo wa PREM, ambao Baraza la Mitihani hutunzia kumbukumbu za wanafunzi. Usihamishe mtoto wa darasa la nne wala wa darasa la mwisho akiwa amekwisha kusajiliwa kwa mtihani. Na kwa kuwa mimi ni karani, niongeze hili: cheti cha ubatizo hakisimami mahali pa cheti cha kuzaliwa cha RITA, na majina katika vyeti hivyo viwili yalingane herufi kwa herufi. Wengi hulia katika ofisi yangu kwa ajili ya herufi moja.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kardinali Laurean Rugambwa, aliyefanywa mwaka 1960 kuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu, alizaliwa mwaka 1912 katika kijiji cha Bukongo, akasoma seminari ya Rubya kabla ya kwenda Katigondo huko Uganda. Mji haukumzaa. Lakini walikuwako watu waliomtazama alipokuwa mdogo, wakajua anasoma nini na anarudi saa ngapi.

Basi, baba na mama, kabla hujaja kwangu kuomba barua, chukua daftari na siku tatu. Tembea njia ya mtoto wako kwa saa ile ile aitembeayo yeye, mkeo akiwa pamoja nawe. Ukirudi ukaona kwamba kuhama kunafaa, njoo. Muhuri upo, nami nitakuandikia kwa moyo mweupe.