Jina Moja Katika Nyumba Tatu

Jina ni amana. Mtu hupewa jina siku za mwanzo wa maisha yake, akaishi nalo, na afapo huwaachia watu walitunze au walisahau. Kitu nacho hupewa jina ili kiitwapo kiitike. Lakini jina peke yake halitoshi. Lazima mwitaji na mwitwa wapatane juu ya namna ya kuitana. Asiyeitika pengine hana kiburi, hakusikia tu. Jambo hili ni kweli kwa wanadamu, na ni kweli vilevile kwa mafaili ya kompyuta, ingawa watu wengi hawalifikiri mpaka hasara iwafike.

Alikuwako mwalimu mmoja wa fasihi aliyekusanya tenzi na masimulizi kwa miaka kumi na miwili. Alipita vijijini, akaketi na wazee, akaandika waliyoyasema. Kila kazi aliifanyia faili, na kila faili alilipa jina. Majina mengine yaliishia kwa TXT, herufi kubwa, kwa kuwa chombo chake cha kwanza kiliandika hivyo. Mengine yaliishia kwa txt, herufi ndogo. Yeye hakuona tofauti, na kompyuta yake ya Windows nayo haikuiona. Kila mwisho wa mwezi programu ndogo ya lugha ya Python ilitafuta majina yote yaliyolingana na ruwaza ya *.txt, ikanakili mafaili mahali pa akiba, na halikubaki hata moja.

Ikatukia mwalimu akapata kompyuta ya Linux. Aliunganisha diski ya zamani na kompyuta mpya, akaiamuru programu ileile ihamishe kazi zake. Programu ilimaliza bila ya kulalamika, naye akaifuta diski ya zamani kwa moyo mweupe. Wiki tatu baadaye alitafuta utenzi alioimbiwa na bibi mmoja aliyekwisha kufariki, asiuone. Faili lake lilikuwa moja katika yale ya TXT.

Nani mkosa? Kinyota katika ruwaza husimama badala ya herufi zozote, chache au nyingi, au pasipo herufi. Alama ya kuuliza husimama badala ya herufi moja tu. Hekima hii ni ya zamani. Katika Unix ya mwaka 1971 ilikuwamo programu iliyoitwa glob, kazi yake kuvigeuza vinyota kuwa majina kamili. Baadaye kazi ya kulinganisha jina na ruwaza iliwekwa katika kitendaji, yaani kipande cha programu kinachotumikia programu nyingine, kikaitwa fnmatch. Na mwaka 1992 kiliingia katika kanuni za POSIX. Python nayo ina kitendaji chenye jina hilo katika maktaba yake.

Lakini kila nyumba ina desturi yake. Katika Linux, Barua.txt na barua.txt kwa kawaida ni mafaili mawili, nayo yaweza kukaa pamoja katika folda moja. Katika Windows ni faili moja. Katika macOS herufi huhifadhiwa kama zilivyoandikwa, ila kwa kawaida diski haizitofautishi. Mkwaju wa nyuma katika Unix huivua alama inayoufuata uwezo wake, hata kinyota kikawa kinyota tu. Katika Windows mkwaju uo huo hutenga folda na folda, desturi iliyoanza na MS-DOS ya pili mwaka 1983, kwa kuwa mkwaju wa kawaida ulikuwa umekwisha kupewa kazi nyingine katika amri. Hata *.* haina maana moja: kwa amri za Windows ni mafaili yote, kwa Unix ni yale tu yenye nukta katika jina.

Kitendaji cha Python hufuata desturi ya nyumba kinamofanyia kazi. Katika Windows hugeuza kwanza herufi zote kuwa ndogo. Katika Linux huziacha zilivyo. Basi hakikusema uongo. Kilitii nyumba mbili, kikampa mwalimu majibu mawili kwa swali moja.

Mwanafunzi wake mmoja, fundi wa programu, alikuja kumpa pole. "Shikamoo, Mwalimu. Nipe siku mbili, nitakitengeneza kitendaji kisitofautishe tena herufi popote."

"Marahaba, mwanangu. Na wale wanaotaka zitofautishwe?"

Kijana hakujibu, alikwenda kujaribu. Katika idara ilikuwako programu nyingine iliyotegemea maktaba hiyo, ambayo kazi yake ilikuwa kufuta mafaili yote yaliyoanza kwa neno rasimu. Alipoijaribu juu ya nakala, kitendaji kipya kilizoa pia mafaili yaliyoanza kwa Rasimu, yenye R kubwa, na hayo ndiyo yaliyokuwa kazi zilizokamilika. Dawa ya kumponya mmoja ilikuwa sumu kwa mwenziwe.

Ndipo alipoelewa kwamba kupanua si kubadili. Alikiacha kitendaji cha zamani na ahadi zake zote, akaongeza chaguo ambalo mwitaji hulitaja mwenyewe: herufi zitofautishwe, zisitofautishwe, au desturi ya nyumba ifuatwe. Maktaba ya C ya GNU ilikwisha kutangulia njia hiyo, kwa alama ya hiari ya kupuuza ukubwa wa herufi. Asiyetaja chaguo hupata alichokizoea. Tena aliifanya programu ya mwalimu iseme mwisho wa kazi: mafaili kadhaa yamehamishwa, kadhaa yameachwa, na majina ya yaliyoachwa ni haya.

Neno hilo la mwisho lilikuwa bora kuliko yote, maana lilifichua jambo ambalo chaguo lisingelitibu. Faili moja la Ng'ombe liliachwa kwa sababu ritifaa yake ilikuwa ya kupinda, na ile ya ruwaza ilikuwa imenyooka. Kwa jicho ni alama moja. Kwa kompyuta ni mbili. Kama programu ingalinyamaza, nalo lingalipotea.

Utenzi wa bibi haukurudi mzima. Beti arubaini na moja zilipatikana katika daftari la wino, na nyingine zilikwenda na diski. Mwalimu hakumlaumu aliyetunga kitendaji, wala hakujisamehe upesi. Kosa la kelele lina heri, kwani humwamsha mwenye mali. Kosa la kimya humwacha afunge mlango mwenyewe, akidhani wote wamo ndani.