Mkongo Uliofuata Njia ya Majahazi

Mombasa ni mji uliolelewa na bahari. Tukiteremka vichochoro vya Mji wa Kale hadi Bandari ya Kale, karibu na Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, tunaikumbuka biashara iliyolisha nyumba hizi. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Ghuba yakileta tende na mazulia, yakarejea na kusi yamesheheni boriti. Kazi ilikuwa ya mabega, na mpagazi alithaminiwa kwa mzigo alioweza kuubeba.

Juni 2009, upande ule ule wa Ghuba ulituletea shehena isiyo na uzito. Mkongo wa mawasiliano uitwao TEAMS, ulioanzia Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa ukapokewa na Rais Mwai Kibaki. Ndani yake mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazopitisha habari kwa mwanga. Hapo awali Kenya ilitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya polepole.

Je, mikongo ya aina hii ilileta kazi au iliziondoa? Wanauchumi Jonas Hjort na Jonas Poulsen walichunguza takwimu za nchi 12 za Afrika, wakachapisha matokeo yao mwaka 2019. Waliona kwamba pale intaneti ya kasi ilipofika, ajira iliongezeka, hata kwa wenye elimu ndogo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa katika kazi zinazohitaji ujuzi.

Tukivuka kisiwa hadi Kilindini, tunayaona hayo kwa macho. Mzigo uliowahi kuhitaji kundi zima la makuli sasa umo ndani ya kontena, nalo hunyanyuliwa na winchi kwa dakika chache. Karani aliyeandika daftarini sasa husoma kompyuta. Tija imepanda, lakini mabega hayatafutwi kama zamani. Ujira mzuri humfuata ajuaye kuiongoza mitambo. Asiyejua hungoja kibarua cha siku, na siku nyingine hakipati.

Turudi mjini kupitia Marikiti. Hapa muuza viungo hupokea malipo kwa simu, jambo lililowezekana baada ya M-Pesa kuanzishwa Machi 2007. Watafiti Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba huduma hiyo iliwawezesha wanawake wapatao 185,000 nchini kuacha kilimo kama kazi yao kuu na kuingia katika biashara. Aliyeweza kuweka akiba yake mwenyewe, bila kuipitisha mikononi mwa mtu, alipata pa kuanzia.

Kutoka bandari hadi soko, somo ni moja. Chombo kipya humzidishia mtu kile alichokwisha kujifunza. Asiye na ujuzi huambulia kidogo. Kwa hiyo riziki ya kesho huanza kugawanywa leo, majumbani mwetu, tunapoamua ni nani atakayelipiwa karo. Tunapopanga matumizi ya mwaka ujao, binti asiwe wa mwisho kufikiriwa. Na mama anayeuza vitumbua apate mtoto wa kumfundisha, japo nusu saa baada ya Alasiri, jinsi ya kuweka hesabu zake katika simu.