Kadi Yako Haijafa, Wacha Kuifomati

Wiki mbili zilizopita nilikaribia kumpoteza guka wa wenyewe. Sio ati barabarani. Ndani ya kadi.

Stori ni hii. Jumamosi nilishuti ruracio huko Murang'a, kamera ya kukodi, kadi mpya ya GB 64 niliyonunua nikijipongeza kwamba sasa na mimi ni mtu wa 4K. Guka wa bibi harusi, mzee wa miaka tisini na kitu, alisimama akaongea dakika kumi na moja bila karatasi. Watu wakacheka, halafu wakanyamaza, halafu mama ya msichana akaanza kupangusa macho. Nilijua hapo hapo kwamba hiyo ndiyo video, ile ingine yote ni chakula na magari.

Usiku nikarudisha kamera kwa mwenyewe. Jumapili jioni nikaingiza kadi kwa laptopu yangu, hii ya ex-UK yenye Ubuntu. Kimya. Nikaitoa, nikaipuliza (usinicheke, hata wewe hupuliza), nikairudisha. Kimya. Na depoziti ya mteja ilikuwa imeshaenda kwa landlord.

Nikakimbia kwa fundi wa mtaani, nikampata akifunga. Mashine yake haikuwa na tundu la SD, kwa hivyo akajaribu kwa yangu mara mbili, akaiangalia kadi kama daktari wa TV, akasema, "Sista, hii imekufa. Niachie hadi kesho niifomati."

Naapa nilikuwa naiacha. Kilichonirudisha ni swali moja, nikiwa nimeshafika mlangoni: utafomati aje kitu ambacho kompyuta haikioni? Nilimuuliza. Akasema ni kazi ya fundi, nisijali.

Hapa ndipo nina maneno. Tuna ugonjwa wa kufomati. Simu imekuwa nzito, fomati. Flashi imesumbua, fomati. Kadi isipoonekana, kufomati hakutaifanya ionekane. Na ikionekana kwa bahati, huyo aliyekuwa akingoja kuifomati ndiye atakayekumalizia kazi.

Nikarudi nayo nyumbani. Nikafungua terminali, nikaandika lsblk, amri inayoorodhesha diski zote. Diski yangu ilikuwepo, lakini mmcblk0, jina ambalo Linux huipa kadi ya SD, halikuwepo. Hiyo peke yake ilinipunguzia nusu ya ushauri wa marafiki. Ingekuwa ipo lakini haifunguki, ningesema shida ni mpangilio wa faili, pengine exFAT. Kutokuwepo kabisa kulimaanisha shida iko chini zaidi, kwa keneli na draiva yake.

Nikaandika sudo dmesg -w, nikaingiza kadi nikiangalia. Mstari mmoja ukatokea:

mmc0: error -110 whilst initialising SD card

Kwa Linux, 110 ni muda kuisha. Yaani keneli ilihisi kadi ikiingia, ikaiita, ikangoja jibu hadi ikachoka. Huyo si maiti. Huyo ni mtu mmekosana naye kwa simu.

Sasa nikachukua kadi yangu ya zamani ya GB 16. Ikasoma papo hapo! Kumbe tundu ni zima na draiva ni nzima. Tofauti ilikuwa nini? Ile mpya ilikuwa na alama ya UHS-I.

Kadi ya SD huanza kuongea kwa volti 3.3, polepole. Ikiwa ni UHS-I na kompyuta pia inadai inaweza, wanakubaliana kushuka hadi volti 1.8 ndipo waongeze mwendo. Saa ya mawasiliano inasimamishwa, umeme unabadilishwa, saa inawashwa tena. Hapo katikati ndipo laptopu yangu ilikuwa inaipoteza kadi. Kila mara inajitapa kwamba inaweza 1.8, na haiwezi.

Dawa yake ilikuwa kuiambia draiva isahau hiyo 1.8. Nilitengeneza faili ndani ya /etc/modprobe.d, nikaweka mstari mmoja: options sdhci debug_quirks2=4. Nikafanya update-initramfs -u, nikazima, nikawasha. Mikono ilikuwa inatetemeka, sitadanganya. Nikaingiza kadi.

mmcblk0. Ikaonekana.

Sikugusa kitu kingine. Nilinakili kila faili kwanza, na ilichukua zaidi ya nusu saa, kwa sababu bila 1.8 kadi haivuki MB 25 kwa sekunde, hata kama imeandikiwa mia moja. Nililala? Wapi. Nilikaa nikihesabu hiyo asilimia kama mtu anayengoja matokeo ya KCSE.

Kabla hujakimbia kunakili hiyo namba: angalia kwanza lspci. Rida za Realtek nyingi hutumia draiva ingine, rtsx_pci, na hapo mstari wangu haufanyi lolote. Halafu namba hiyo hufuta marekebisho mengine ambayo keneli ilikuwa imeiwekea rida yako, kwa hivyo shida ikizidi, futa faili uwashe upya. Na ndio, najua, rida ya USB ya bei ya chipsi na kuku ingemaliza hii kitu kwa dakika moja. Niambie ni duka gani lilikuwa wazi Jumapili saa nne usiku.

Saa tisa usiku nilifungua ile klipu. Guka alikuwepo, kofia yake, fimbo yake, dakika zote kumi na moja. Asubuhi nikamtumia mama ya msichana hicho kipande kwanza kabla hata sijaedit. Akanijibu kwa voice note ambayo ilikuwa kilio tu.

Jumatatu jioni nilipitia kwa fundi nikamweleza. Hakubishana. Alishusha kalenda ukutani, akanipa biro, akasema, "Sista, niandikie hapo hiyo namba."