Murongo wa mama wa Shasha

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Mwezi wa Februari 2024, mapigano yalipofika Shasha na barabara ya Sake–Minova ikakatika, mama mmoja wa kilima cha juu ya Shasha alishuka usiku pamoja na watoto wake wanne. Kichwani alibeba godoro. Mgongoni alifunga mtoto wa mwisho. Mkononi, ndani ya kikwembe kilichofungwa fundo, alishika murongo wake uliojaa maharagi ya mbegu.

Waliokimbia pamoja naye walimuuliza kwa nini hakuchukua sufuria ya pili badala ya kile kikopo cha bati. Hakuwajibu. Kwa mwanamke anayeuza sokoni, sufuria inaazimwa kwa jirani. Murongo hauazimwi.

Wakaaji wa Goma wanaujua murongo. Ndio kipimo cha maharagi, mchele, unga na karanga katika masoko mengi ya mji na ya vijiji. Kila muuzaji ana wake, na mnunuzi mwenye akili anautazama kabla ya kutazama maharagi. Anaugeuza na kutazama tako. Muuzaji akilipiga tako kwa jiwe mpaka liingie ndani, maharagi yanapungua ngumi moja, na ukiutazama kutoka juu murongo ni mzima.

Murongo wa mama huyu ulikuwa na tako lililonyooka, na kwa sababu hiyo alikuwa na jina. Kwa miaka mingi, siku za soko, alishuka kilima kabla ya jua pamoja na wanawake wenzake. Mmoja alibeba mihogo, mwingine ndizi, mwingine kabichi, mwingine kuku wawili waliofungwa miguu. Walipofika walitandika magunia chini, kila mmoja pahali pake palepale, na asiyeonekana aliulizwa habari zake. Wafanyabiashara wa Goma walikuja na magari, maana mji ule haujilishi wenyewe. Umejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, na lava ya Januari 2002 ilifunika tena sehemu kubwa ya katikati ya mji. Kinachopikwa Goma kinatoka nje: viazi na jibini za Masisi, mboga za Kibumba zinazoteremka juu ya chukudu, mananasi ya Idjwi, maharagi na ndizi za upande wa Minova.

Lakini siku ya soko haikuwa ya kuuza tu. Watu wa vilima waliosema Kihunde, Kihavu, Kitembo na Kinyarwanda walipatana bei kwa Kiswahili. Hapo ndipo habari ya msiba ilipopokelewa, hapo mzazi alipomwona kijana anayetaka kumuoa binti yake. Mchana, magunia yakianza kukunjwa, mzee mmoja wa upande wa Kalehe alikaa chini ya mti na lulanga yake, akagusa nyuzi, na vijana wakasimama kumsikiliza. Siku ambazo mavuno yalikuwa mazuri ngoma ilitoka, na wanawake walicheza wakiwa bado na vumbi la soko miguuni.

Yote hayo alikuwa nayo kichwani alipofika Bulengo, magharibi ya Goma, kwenye kambi iliyojaa watu wa Masisi na wa kando ya ziwa. Alipata pahali pa kusimamisha hema la bashi juu ya mawe. Wiki ya pili, maharagi ya mbegu yaliingia chunguni. Alipika nusu, akalia, kisha akapika nusu nyingine kesho yake. Murongo ulibaki mtupu, umetundikwa kwenye mti wa hema.

Mkulima aliyekimbia anapoteza shamba, na pamoja na shamba anapoteza namna ya kujulikana. Kule kilimani alikuwa mama wa maharagi. Kambini alikuwa mtu katika foleni, na watu waliogawa chakula hawakuwa na sababu ya kujua murongo wake ulikuwaje.

Mwezi wa Aprili wanawake kumi wa kilima kile walianza likelemba. Kila mmoja alitoa kidogo alichopata kwa kufua nguo za watu au kubeba mizigo mjini. Zamu yake ilipofika alikwenda Kituku.

Yeyote aliyepita Kituku mwaka ule anakumbuka. Kwa kuwa barabara ilikuwa imefungwa, ziwa ndilo lililokuwa barabara. Mashua zilitoka Minova zikiwa zimejaa watu, magunia, mbuzi, makala na ndizi, na pwani pale wabebaji waliingia majini mpaka kiunoni. Bei zilipanda kwa sababu kila gunia lililipiwa mashua, mbebaji na kodi kabla ya kufika sokoni. Feza za likelemba hazikutosha gunia. Zilitosha robo.

Mfanyabiashara mmoja wa Minova, mwanamke wa umri wake, alimwangalia akihesabu noti mara ya tatu. Akamwomba murongo. Akaugeuza, akapitisha kidole gumba juu ya tako.

«Chukua nusu ya gunia,» akasema. «Lipa robo. Iliyobaki utaleta nikirudi.»

«Utaandika wapi, dada?»

«Niandike nini? Nimeona murongo.»

Hivyo ndivyo alivyoanza tena. Maharagi yalipanda chukudu mpaka Bulengo, na kando ya njia ya kambi alitandika gunia. Baada ya siku chache mwingine alikuja na lengalenga, mwingine na sambaza, mwingine na mihogo. Hakuna aliyewaambia waanzishe soko. Baada ya mwezi mmoja palikuwa na mistari miwili ya wauzaji, na watu wa Shasha walikaa karibu na watu wa Shasha, watu wa Sake karibu na wa Sake, kama vile walivyokaa nyumbani.

Mwezi wa Julai mtoto wa pili alishikwa na homa. Dawa zilikula feza ya maharagi. Usiku mmoja mama yule alitoka nje ya hema na jiwe, akaugeuza murongo, akalipiga tako mara tatu.

Ilikuwa ngumi moja tu. Wengi kando yake walikuwa wameshafanya hivyo, na hakuna aliyesema neno. Kwa wiki mbili aliuza hivyo, na dawa zikapatikana.

Kisha jioni moja akaja koko mmoja wa kilima chao, mwanamke mzee aliyekuwa akinunua kwake tangu zamani. Hakuja saa ya soko. Alingoja watu waondoke, akakaa juu ya jiwe, akazungumza kwanza habari za watoto, habari za mvua. Alipokuwa anasimama ndipo alisema:

«Mtoto wangu, murongo wako umeanza kula pamoja na sisi.»

«Koko, mtoto alikuwa mgonjwa.»

«Ninajua. Ungetuomba.»

Usiku ule alijaribu kulirudisha tako kwa kulipiga kutoka ndani. Bati lilirudi, lakini si lote. Lilibaki na kibonde upande mmoja. Murongo mpya ulipatikana sokoni, lakini ungekuwa murongo usiojulikana na mtu. Aliendelea na ule wa zamani, na juu ya kila kipimo akaongeza ngumi moja kwa mkono wake, mbele ya macho ya mnunuzi. Wengine walidhani ni nyongeza ya kuvuta wateja. Koko peke yake alijua ni nini.

Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku. Watu waliokuwa wakingoja jamaa zao pwani waliiona ikizama. Makumi ya watu walikufa, na kati yao wengi walikuwa watu wa soko: wale waliopanda kwa sababu barabara haikupitika na kwa sababu gunia likikaa halilishi mtu. Yule mfanyabiashara wa Minova alikuwa ndani.

Mama wa Shasha alikuwa na deni lake. Nusu ya gunia la mara ya mwisho ilikuwa haijalipwa. Hakukuwa na kaye, hakukuwa na shahidi. Mtu pekee aliyejua hesabu ile alikuwa amekufa majini. Kwa siku kadhaa hakuenda sokoni. Hakuna aliyekuja kumuuliza kitu, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Baada ya siku kumi na mbili ikafika tarehe 15 Oktoba, siku ya mwanamke wa kijijini. Umoja wa Mataifa uliipitisha siku hiyo mwaka 2007, ikaanza kuadhimishwa 2008. Katika Kivu wanawake wakulima wameifanya kuwa yao: wanavaa kikwembe kizuri, wanaleta mavuno waliyonayo, wanayapanga mbele ya watu, wanaimba na kucheza. Kambini mwaka ule swali lilikuwa gumu. Wataleta mavuno gani, wao wasio na shamba? Na ni nani atakayecheza wakati matanga ya Kituku bado hayajaisha?

Vijana wanawake walitaka ngoma. Waliofiwa hawakutaka hata kusikia. Walibishana mpaka koko yule akaamua.

«Tutaimba,» akasema. «Ngoma tutaiacha. Na kila mtu alete kile anachofanyia kazi.»

Basi siku hiyo, juu ya bashi lililotandikwa, wanawake waliweka vitu vyao. Majembe yaliyokimbia pamoja nao na ambayo hayakuwa yamegusa udongo tangu Februari. Vikapu. Kinu cha kutwangia sombe. Panga. Wavu wa sambaza. Mama wa Shasha aliweka murongo. Kisha koko alichukua fimbo, akaanza kupiga chini polepole, kama vile wanawake wanavyopiga maharagi makavu ili yatoke katika maganda, na akaimba wimbo wa kazi ile. Walioujua walishika fimbo wakaingia. Hapakuwa na hata punje moja ya maharagi chini ya fimbo zao. Lakini mikono ilikumbuka mahali pa kupanda na mahali pa kushuka, na waliofiwa, waliokuwa wamekaa pembeni, waliitikia.

Wimbo ulipoisha, mama wa Shasha alimwendea mwanamke mmoja aliyekuja kutoka mjini, muuzaji wa sambaza. Alikuwa dada wa yule marehemu wa Minova. Alimpa feza zilizofungwa katika karatasi, mbele ya watu.

«Dada yako aliniachia nusu gunia,» alisema. «Hakuandika. Hii ni sehemu ya kwanza.»

Yule dada hakuhesabu. Aliinama akachukua murongo kutoka juu ya bashi, akaugeuza. Akaona kibonde.

«Dada yangu alikuuzia na tako hili?»

«Hapana. Aliliona likiwa limenyooka. Mimi ndiye niliyelipiga, mwezi wa Julai. Sasa ninaongeza ngumi juu.»

Watu walinyamaza. Wengine walitazama chini, maana murongo ule haukuwa wa pekee katika soko lile. Mwanamke wa sambaza aliurudisha pahali pake, akafunga feza kwenye ncha ya kikwembe.

«Imebaki ngapi?»

«Nusu ya deni.»

«Nitapita baada ya wiki mbili.»

Akapita. Akapita tena mara ya pili, na safari hiyo, baada ya kupokea feza, alinunua murongo mmoja wa maharagi. Kabla ya Noeli deni lilikuwa limekwisha. Watu wa soko la kambi wanasema kwamba baada ya siku ile ya Oktoba, mirongo kadhaa ilisikika ikigongwa usiku, kutoka ndani.

Januari 2025 vita ilifika Minova, kisha Goma. Mwezi uliofuata kambi zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi walikotoka. Wengine walikuta nyumba, wengine walikuta ukuta mmoja. Wengine hawajarudi mpaka leo. Wanakaa kwa jamaa mjini, au walivuka ziwa, au walikwenda mbali zaidi.

Mama wa Shasha alirudi kilimani na watoto wake wanne. Mabati ya nyumba yalikuwa yameondoka. Shamba lilikuwa majani mpaka kifuani. Lakini ilikuwa wakati wa kupanda msimu B, na wanawake wa likelemba walikubaliana kwamba zamu ya kwanza itakuwa ya mbegu, si ya bati. Walilala chini ya bashi la Bulengo na wakapanda maharagi. Mwezi wa Juni walivuna, kidogo, lakini walivuna.

Siku ya soko imeanza tena pale chini. Si kama zamani. Kuna magunia ambayo hayatandikwi tena, na watu wanajua kila pengo ni la nani. Mzee wa lulanga hajaonekana, na anayetoka upande wa Kalehe huulizwa habari zake kwanza, kabla ya bei ya ndizi. Ngoma haijatoka bado. Siku moja, baada ya kuvuna, wasichana wawili walianza kucheza kwa kupigiwa makofi tu, na wakubwa hawakuwakataza.

Koko anakaa karibu na gunia la maharagi, macho yake hayaoni vizuri tena. Mnunuzi mgeni akiuliza kwa nini mama yule anaongeza ngumi juu ya murongo uliokwisha kujaa, koko ndiye anayejibu.

«Mwache,» anasema. «Anajua hesabu yake.»